Saa Mbili za Kunyonyesha ni Deni, Si Hisani



Tumezoea kulisikia neno "haki" likitajwa penye mambo makubwa: ardhi iliyoporwa, mahabusu aliyesahauliwa, mzee aliyenyimwa kiinua mgongo chake. Hayo ni mambo ya haki kweli, wala hatutaacha kuyasema. Lakini mara hii tunawaomba mtuvumilie tukizungumzia jambo ambalo wengi wataliona dogo, tena la faragha ya wanawake, lisilofaa kuandikwa na padre: maziwa ya mama aliyerudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Hili nalo ni jambo la haki. Anayedhulumiwa hapa hawezi kusema, hana chama cha wafanyakazi, wala hajui kuandika barua ya malalamiko. Ana umri wa miezi mitatu.

1. Hesabu isiyolingana

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Mama huyo huyo, akienda kliniki, anafundishwa kwamba kwa miezi 6 ya kwanza mtoto asipewe kitu chochote ila maziwa ya mama. Hata maji asipewe. Baada ya hapo aendelee kunyonya pamoja na kula vyakula vingine mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Hayo ndiyo mafundisho ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo mafundisho ya Wizara yetu ya Afya.

Basi tuhesabu. Miezi 6 ni siku 180 hivi. Toa siku 84 za likizo, zinabaki siku 96. Na kama mama alianza likizo yake kabla ya kujifungua, jambo ambalo sheria inaliruhusu, siku za mtoto zinapungua zaidi. Je, katika siku hizo zilizobaki mtoto ale nini, wakati mama yuko darasani, wodini, kiwandani au nyuma ya meza ya ofisi kutoka asubuhi hadi alasiri? Serikali inayomwambia mama "nyonyesha miezi sita" ndiyo inayomwambia "rudi kazini mwezi wa tatu". Amri mbili zimetoka katika kinywa kimoja, na anayetakiwa kuzipatanisha ni mwanamke peke yake, kwa mwili wake.

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miezi 6, ni 64 tu walionyonya maziwa ya mama bila kuchanganyiwa kitu kingine. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, wala hatusemi kwamba wote unatokana na ajira za kina mama. Tunasema tu kwamba taifa lenye hesabu hizo halina maziwa ya kumwaga.

2. Yale ambayo sheria imekwisha kusema

Wengi hawajui, na baadhi ya waajiri wanaojua hawapendi wengine wajue, kwamba kifungu hicho hicho cha 33 kinaendelea kusema hivi: mwajiriwa anayenyonyesha ataruhusiwa na mwajiri wake kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Sheria haikusema "mwajiri akipenda". Haikusema "kazi zikiwa chache". Mama anapoomba saa hizo haombi msaada. Anadai kilicho chake.

Lakini sheria hiyo ina upungufu, na ni wajibu wetu kuutaja. Inazungumzia kumnyonyesha mtoto. Haizungumzii kukamua maziwa, wala mahali pa kukamulia, wala pa kuyahifadhi. Mfikirieni mama anayeishi Mikanjuni na kufanya kazi Pongwe. Akisubiri daladala, akafika nyumbani, akanyonyesha na kurudi, saa zake mbili zimeishia njiani, na nauli imemtoka mfukoni. Kwa mama wa namna hiyo njia iliyo wazi ni kukamua maziwa kazini, kuyatunza, na kuyapeleka nyumbani ili mtoto anyweshwe kesho yake. Naye mwajiri mjanja humwambia: "Sheria inataka unyonyeshe mtoto. Mtoto yuko wapi hapa?"

Tuvuke mpaka kidogo. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kilomita 65. Ukiingia upande wa pili umeingia katika nchi ambayo Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamwagiza mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea na kukamulia maziwa, penye maji ya kunawa mikono, jokofu, umeme, kiti na meza. Tena inakataza mahali hapo pasiwe chooni. Hatusemi kwamba kila mwajiri wa Kenya ameitii. Lakini mama wa Lungalunga ana maandishi ya kumwonyesha mwajiri wake, na dada yake wa Horohoro hana. Mwaka 2025 sheria zetu za kazi zilirekebishwa, zikamwongezea likizo mama aliyejifungua mtoto njiti. Jambo hilo ni jema na tunalipongeza. Kwa nini basi Bunge lisichukue hatua iliyobaki?

3. Titi ni kisima

Wapo wanaume, tena wasomi, wanaodhani kwamba maziwa hukaa kifuani yakimngoja mtoto hadi jioni. Sivyo. Titi ni kama kisima: likitekwa hujaa, lisipotekwa hukauka. Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mama anayekaa saa tisa bila kunyonyesha wala kukamua hupata maumivu, nguo humlowa mbele ya watu, titi huweza kuvimba na kuingia homa. Na baada ya wiki chache maziwa hupungua. Ndipo watu husema, "Maziwa yake hayatoshi," kana kwamba Mungu alimpunja. Hakupunjwa na Mungu. Alipunjwa na ratiba.

Na ratiba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mkoa wetu ulijengwa juu ya mkonge, ulioletwa mwaka 1893, na mkonge ulikatwa na manamba: wanaume waliotolewa mbali, wengi wao wakaja bila wake wala watoto, wakahesabiwa kwa namba. Siku ya kazi ilikatwa kwa kipimo cha mwanamume asiye na mtoto mkononi. Leo nusu ya walimu na wauguzi tunaowaona ni wanawake, au zaidi ya nusu, lakini kipimo hakijabadilishwa. Tunawavika kina mama koti la manamba, halafu tunawalaumu kwamba haliwakai.

Nitoe mfano mwingine wa hapa hapa kwetu. Tanga ni mji wa maziwa. Tangu miaka ya 1990 wafugaji wadogo wa mkoa huu wameungana katika ushirika. Alfajiri hupeleka maziwa ya ng'ombe kwenye vituo vyenye matangi ya kupozea, na kutoka huko yanakwenda kiwandani yakiwa bado baridi. Ni kazi njema, inalisha familia nyingi. Mvuvi naye akiingia baharini anabeba barafu ili samaki wake wasiharibike. Kwa hiyo si kweli kwamba katika joto la pwani hatujui kutunza kitu kibichi. Tunajua sana. Tumetunza maziwa ya ng'ombe, tumetunza changu na jodari. Maziwa ya mama ndiyo tuliyoyaachia stoo na choo.

4. Ungamo la mwandishi

Isije ikasemwa kwamba padre anawahukumu wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa usimamizi wa shule moja iliyo chini ya Kanisa, ambayo sitaitaja. Mwalimu mmoja alirudi kutoka likizo ya uzazi siku ile ile iliyompasa. Alikuja ofisini, akapiga hodi. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre." Nikaitikia. Akaomba kwa adabu apewe nafasi mara mbili kwa siku, ya kukamua maziwa ya mtoto. Nikamjibu kwamba ratiba ya vipindi imekwisha kupangwa, na kwamba nikimruhusu yeye itanibidi niwaruhusu wote. Akasema, "Sawa, Padre," akatoka. Nilidhani nimejibu kwa busara.

Baadaye sana, mwalimu huyo alipokwisha kuhama, mama mmoja wa WAWATA alinisimulia yaliyofuata. Mwalimu alikuwa akikamua wakati wa mapumziko katika stoo ya majembe, akiwa ameegemeza mgongo mlangoni kwa kuwa mlango haukuwa na komeo. Maziwa aliyamwaga chini, maana hapakuwa na pa kuyaweka. Baada ya wiki chache yalipungua. Mwezi wa tano mtoto alikuwa anapewa uji mwepesi kwa chupa, akaharisha, akalazwa. Alipona, Mungu ashukuriwe.

Siku hiyo nilifungua Sheria ya Ajira nikasoma kifungu cha 33 kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi. Nilikuwa nimehubiri mafungo juu ya hadhi ya kazi. Na nilikuwa nimevunja sheria ya nchi na amri ya upendo kwa sentensi moja, nikiwa nimekaa kitini. Saa zile mbili hazikuwa zangu nimnyime. Zilikuwa za mtoto.

5. Hoja zinazotolewa, na majibu yake

Husemwa: "Mama zetu walinyonyesha na kufanya kazi bila haya yote." Kweli, lakini walikwenda shambani na mtoto mgongoni, wakanyonyesha chini ya mwembe walipotaka. Nao walikaa arobaini nzima wakilishwa na kutunzwa na shangazi na bibi. Mama wa leo akifika na mtoto mgongoni getini, mlinzi atamzuia. Huwezi kumnyang'anya mtu mgongo, mwembe na bibi, halafu umwambie aige ya zamani.

Husemwa: "Ni gharama." Tuhesabu tena. Saa mbili kwa siku, siku tano za wiki, kwa wiki 14 zinazobaki mpaka mtoto atimize miezi 6, ni saa 140. Sheria inahesabu wiki ya kazi kuwa ya saa 45. Kwa hiyo jumla yake haifiki wiki nne za kazi, mara moja tu kwa kila mtoto. Mwajiri anayeshindwa na hizo hupoteza ngapi kwa mikutano isiyo na ajenda? Na vifaa ni chumba chenye komeo, kiti, meza, maji na sabuni. Pasipo na jokofu, au umeme unapokatika, kisanduku cha kuhifadhia baridi chenye barafu hutunza maziwa hadi saa 24. Nje ya baridi yasikae zaidi ya saa 4, na kwa joto letu la Januari afadhali yasifike huko. Nyumbani yapashwe kwa kutia chombo ndani ya maji ya moto, wala yasichemshwe. Na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho safi, maana chupa ni ngumu kusafisha. Pampu si lazima. Mikono iliyonawiwa vizuri inatosha, na muuguzi wa kliniki huweza kufundisha.

Husemwa: "Maziwa ya kopo yapo." Yapo, na yupo mtoto anayeyahitaji kwa ushauri wa daktari, hatumlaumu mama huyo. Lakini kopo linataka fedha kila wiki na maji yaliyochemshwa kila mara, na mama mwenye mshahara mdogo huishia kuyazimua ili yafike mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu mwaka 1981 mataifa yalipitisha Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti uuzaji wake, na Tanzania ina kanuni zake, za mwaka 1994 na za mwaka 2013. Mwajiri anayemnyima mama nafasi anamfanyia mwenye kopo biashara ambayo sheria imemkataza kujitangazia.

Husemwa mwisho: "Ni aibu kuyazungumza." Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na mji wetu, alipotaka kuisifu lugha hii tunayoisema, alichagua mfano wa titi la mama, wala hakuona haya. Aibu iko kwa anayemfanya mama akamulie chakula cha mwanawe chooni. Je, wewe ungekubali kuandaliwa chakula chako humo?

6. Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 2, binti Farao alimwokota Musa mtoni. Dada yake mtoto akamletea mama mzazi. Binti Farao akamwagiza amchukue mtoto na kumnyonyesha, akaahidi kumlipa mshahara. Tafakarini jambo hilo, ndugu. Katika nyumba ya yule aliyeamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe, mama alilipwa ujira kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Itakuwaje shule, zahanati au ofisi yenye msalaba ukutani ifanye pungufu ya nyumba ya Farao?

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1, Hana alikataa kupanda kwenda Shilo kwa sadaka ya mwaka mpaka mtoto aachishwe kunyonya, na mumewe Elkana akamwambia afanye aonavyo vema. Ibada ya Bwana ilingoja. Kama hekalu liliweza kumngoja mama anyonyeshe, rejesta ya mahudhurio haiwezi?

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya mwanadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipangwe kwa namna ambayo mwanamke hatalipia maendeleo yake kwa kuacha yale yaliyo yake kama mama. Tarehe 12 Mei 1995 alizungumza na wataalamu waliokutana Vatikano juu ya kunyonyesha, akakumbusha kwamba kina mama wanahitaji muda, maarifa na msaada. Naye Papa Fransisko, Januari 2014, alipobatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, aliwaambia kina mama wasione haya kuwanyonyesha watoto wenye njaa pale pale. Wazee wetu wa kanisa wanaowatoa nje kina mama wakati wa Misa wayasikie hayo.

Na katika jambo hili hatuko peke yetu. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, wanasoma katika Sura ya pili ya Kurani, aya ya 233, kwamba mama hunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na kwamba baba ana wajibu wa kumgharimia. Padre na shehe wakisimama pamoja mbele ya mwajiri mmoja kwa ajili ya mtoto mmoja, huo nao ni ushuhuda wa amani.

7. Tunachodai

Mganga hajigangi, husemwa. Lakini sisi hatuna budi kujiganga kwanza. Kabla ya kumwendea mwenye kiwanda, kila parokia, shule, hospitali, zahanati na nyumba ya kitawa inayoajiri watu itenge chumba, iandike saa mbili katika ratiba, na iwatangazie wafanyakazi wake bila kungoja kuombwa. Mama asilazimike kupiga hodi kama nilivyomlazimisha mwalimu yule.

Pili, waumini walio waajiri, wakiwemo wenye maduka, mashamba na hoteli, wafanye vivyo hivyo. Wasimsahau kibarua anayeandikwa leo na kufutwa kesho, ambaye likizo ya sheria haimfikii kwa urahisi. Wala dada wa kazi, ambaye mara nyingi humlea mtoto wa mwingine huku wake ameachwa kijijini kwa bibi.

Tatu, mama aliyenyimwa asinyamaze. Aende kwa tawi la chama chake cha wafanyakazi, kwa afisa kazi, na ikibidi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Halmashauri ya Walei impe mtu wa kumsindikiza, asiende peke yake.

Nne, wabunge wa mkoa wetu waulizwe, tena hadharani, lini sheria itataja kukamua maziwa na mahali pake, na lini siku 84 zitaongezwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataja wiki 14. Sisi tuko kwenye wiki 12.

Kwa tafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

(a) Je, katika jumuiya yetu yuko mama aliyerudi kazini akiwa ananyonyesha? Anakamulia wapi? Nani amemwuliza?
(b) Je, sisi wenyewe tumemwajiri nani, na mtoto wake analishwa nini mchana?
(c) Soma Kutoka 2:1-10. Katika habari hii, mimi ni nani?
(d) Wanaume wa jumuiya wajibu wao peke yao: mke wangu alipokuwa ananyonyesha na kufanya kazi, niliosha vikombe vingapi?

Wakati wa kufanya azimio ni huu, msiungoje Agosti na Wiki ya Unyonyeshaji. Mtoto wa miezi mitatu hana mpaka Agosti. Ana siku 96, na leo moja imekwisha.

Mtumishi wenu katika Kristo,
Padre, kwa niaba ya Tume ya Haki na Amani